Tutengeneze Kwanza Nyumba Tunazolala

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu, wajumbe na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimetakiwa nizungumze juu ya matengenezo ya nyumba ambayo mwanachama mwenye kipato kidogo aweza kuyafanya kwa mikono yake mwenyewe. Nashukuru kwa nafasi hii. Nyumba si zao linalopimwa katika mizani ya chama, lakini ndiyo inayoonyesha fedha ya zao imemfaa nini mkulima baada ya msimu kwisha.

Tukipita katika vijiji vya nchi yetu ya pamba, kusini na mashariki ya Ziwa Victoria, twaona jambo moja ambalo limekuwa la kawaida hata hatulishangai tena. Kando ya nyumba inayokaliwa husimama nyumba nyingine isiyo na paa. Kuta zake za matofali zimefika usawa wa madirisha, majani yameota ndani, na mvua za miaka kadhaa zimekwisha kuila safu ya juu. Mwenyewe anasema ataimaliza pamba ikilipa vizuri. Wakati huohuo familia yake inalala katika nyumba ya zamani ambayo paa linavuja, sakafu ni vumbi, na ukuta wa upande wa mvua umeanza kumeguka chini. Nyumba ya zamani haitiwi hata shilingi kwa sababu "tutaihama", na nyumba mpya haikaliki kwa sababu haijaisha. Hivyo mtoto aweza kuzaliwa, kukua na kumaliza shule ya msingi katika nyumba ambayo wazazi wake wamekwisha kuiaga kwa maneno tu.

Sisemi kwamba watu wasijenge nyumba mpya. Ninalosema ni hili: fedha kidogo inayopatikana kila msimu iende kwanza katika nyumba tunayolala leo, kwa mpango, kazi moja ikamilike kabla ya nyingine kuanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema pia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika methali hizi mbili yamo karibu yote nitakayoyasema leo.

MPANGILIO WA KAZI

Mkulima wa pamba ana bahati moja. Fedha yake humfikia mvua zikiwa zimekatika, naye ana miezi ya kiangazi mbele yake. Hiyo ndiyo miezi ya ujenzi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunapopata fedha hiyo tunaanza na kile kinachoonekana na jirani: rangi ya mbele, mlango wa chuma, au vigae vya barazani. Baada ya mvua mbili rangi imebambuka, kwa kuwa maji yaliyokuwa yakipanda ukutani hayakuondolewa.

Adui wa kwanza wa nyumba zetu ni maji, na mchwa humfuata nyuma. Kwa hiyo mpangilio wa kazi hauna budi kufuata njia ya maji: kwanza paa, pili maji yanayozunguka msingi, tatu kuta, nne sakafu, tano madirisha na dari. Rangi ni ya mwisho. Choo nitakitaja peke yake, maana hakingoji zamu.

Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba na mkewe wafanye ukaguzi pamoja. Nasema pamoja kwa sababu mama ndiye anayejua sufuria inawekwa wapi mvua inaponyesha na kona ipi mtoto hulala akikohoa. Siku ya mvua kubwa waangalie ndani mahali panapodondoka. Mvua ikikatika wazunguke nje waone maji yametuama wapi, udongo umerukia ukuta kwa kimo gani, na nyufa ziko upande upi. Mambo hayo yaandikwe katika daftari. Karatasi hiyo moja ndiyo ramani ya matengenezo, nayo haigharimu kitu.

PAA

Mara nyingi paa la mabati linalovuja halihitaji mabati mapya. Uvujaji mwingi huanzia kwenye misumari. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, wala si bondeni ambamo maji hupita, na kila msumari uwe na kofia pana na kipande cha mpira chini yake. Msumari uliolegea ung'olewe, upigwe mwingine mrefu zaidi penye mbao nzima, na tundu la zamani lizibwe kwa kipande cha bati na lami. Bati la juu lilifunike la chini kwa sentimita 15 au zaidi; paa likiwa na mwinamo mdogo, sentimita 20.

Anayenunua bati jipya akumbuke kwamba namba ya geji inaenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30, nayo 30 ni nene kuliko 32. Bati jembamba ni rahisi dukani, lakini upepo hulikunja mapema. Kadhalika kenchi zifungwe kwa waya mnene au ukanda wa chuma hadi kwenye ukuta, maana upepo wa kabla ya mvua haulisukumi paa chini, hulinyanyua juu.

Upenu utokeze nje ya ukuta sentimita 60 hivi. Nyumba nyingi hujengwa na upenu wa shubiri moja ili kuokoa bati, na ukuta wa udongo hulipa gharama hiyo kila mwaka. Kuongeza upenu kwa fito na kipande cha bati upande unaopigwa na mvua ni kazi ya siku moja au mbili.

Kuna onyo moja. Majengo ya zamani mengine yameezekwa kwa shiti za asbesto. Shiti hizo zisikatwe kwa msumeno wala zisitobolewe na kusuguliwa nyumbani, kwa kuwa vumbi lake huleta magonjwa mabaya ya mapafu baada ya miaka mingi. Anayetaka kuziondoa atafute kwanza ushauri wa mtaalamu.

MAJI YA PAA NA MSINGI

Maji yanayotoka kwenye paa ni mengi kuliko tunavyodhani. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina eneo la mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 tu huliangushia paa hilo lita 480. Tukitoa yanayomwagika na kukauka, lita 380 hivi zaweza kukingwa, yaani karibu mapipa mawili ya lita 200. Yasipokingwa, lita hizo zote huanguka chini ya ukuta na kuchimba msingi.

Kwa hiyo mfereji wa bati unaoning'inizwa chini ya upenu hufanya kazi mbili: unalinda ukuta na unampunguzia mama safari ya kisimani. Uinamishwe sentimita 1 kwa kila mita ili maji yasituame. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, kwa kuwa yana vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa lifunikwe vizuri, au litakuwa kiwanda cha mbu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Asiyeweza bado kununua mfereji wa bati achimbe mtaro ardhini mahali hasa maji ya paa yanapodondokea, kina cha sentimita 20 hivi, autandaze mawe na kuupa mwinamo wa kupeleka maji mbali na nyumba. Kati ya mtaro na ukuta ajaze udongo wa kichuguu, aushindilie kwa nguvu na kuuinamisha kuelekea nje, kisha aupange mawe juu. Jembe, beleshi, toroli la kuazima na mikono ya siku tatu vyatosha.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wenzetu waliojenga kwenye udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo huvimba ukinyonya maji na husinyaa na kupasuka ukikauka. Upande mmoja wa nyumba ukiloa na mwingine ukibaki mkavu, msingi hunyanyuka upande mmoja, na ufa hupanda kutoka pembe ya dirisha hadi kwenye paa. Kuziba ufa huo kwa saruji kila mwaka ni kuutibu moshi na kuuacha moto. Dawa ni kuyazuia maji yasifike msingini. Mwenye nafasi ya kuchagua kiwanja na achague luseni, udongo wa kichanga wa juu karibu na mawe, na mbuga aiachie pamba na mpunga.

Kuhusu mchwa, kinga iliyo rahisi ni macho. Sehemu ya chini ya ukuta isifunikwe na kuni, magunia wala majani. Njia za udongo za mchwa zikionekana zinapanda, zivunjwe mara moja na chanzo chake kitafutwe. Nguzo isigusane na ardhi penye uwezekano wa kuisimamisha juu ya jiwe au zege.

KUTA

Wako wanaofikiri kwamba heshima ya ukuta wa udongo ni kupigwa lipu ya saruji. Si kweli. Saruji ni ngumu, na udongo ni laini tena hupanuka na kusinyaa. Lipu hiyo hupasuka, maji huingia katika mpasuko yakakosa pa kutokea, na baada ya miaka michache bamba zima huanguka pamoja na kipande cha ukuta. Fedha ya saruji hiyo ingetosha sakafu ya chumba.

Ukuta wa udongo upigwe lipu ya udongo. Chukua udongo wenye mfinyanzi, uchekeche, uchanganye na mchanga na nyasi kavu zilizokatwa fupifupi. Samadi ya ng'ombe huufanya ushike vizuri zaidi. Ili kuujua udongo wako, tia kiasi cha theluthi moja ya chupa nyeupe, jaza maji, tikisa, kisha uiache itulie hadi kesho yake. Mchanga utakuwa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, lipu itapasuka. Mchanga ukizidi, itapukutika. Jaribu vipande vitatu ukutani: sehemu moja ya udongo kwa moja ya mchanga, moja kwa mbili, na moja kwa tatu. Baada ya wiki moja chagua kisichopasuka wala kupukutika ukikisugua. Kabla ya kupaka, ukuta ukwanguliwe na kunyunyiziwa maji, na lipu ipigwe mara mbili, ya pili nyembamba kuliko ya kwanza.

Juu yake paka chokaa. Chokaa ya mfuko ilowekwe usiku kucha, ikorogwe hadi iwe kama maziwa, ipakwe mara mbili au tatu kwa tabaka nyembamba juu ya ukuta wenye unyevu. Chokaa huleta mwanga ndani ya nyumba na huruhusu ukuta kupumua. Lakini huunguza ngozi na kudhuru macho, kwa hiyo watoto wakae mbali na mchanganyaji afunike mikono na macho yake.

Ikiwa sehemu ya ukuta imekwisha kabisa, ijengwe upya kwa matofali ya udongo na saruji yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine ya namna hiyo iitwayo CINVA-Ram ilibuniwa huko Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950, na tangu hapo aina nyingi zimetokana nayo, pamoja na zile za matofali yanayofungamana. Tofali hilo halichomwi, hivyo halili miti. Nchi yetu ya pamba haina miti ya kuchezea. Tanuri moja la matofali ya kuchoma humaliza kuni ambazo zingepika chakula cha familia kwa muda mrefu.

SAKAFU

Sakafu ya vumbi ni gharama iliyojificha. Minyoo, viroboto na funza huishi humo, na mtoto anayetambaa hula kile kilichomo. Nchini Meksiko, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 mpango wa kuwapatia watu maskini zege la sakafu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba nyumba iliyoondokana kabisa na sakafu ya vumbi ilipunguza vimelea vya tumboni kwa watoto kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Haikuwa nyumba mpya. Ilikuwa nyumba ileile iliyobadilishwa sakafu.

Tufanye hesabu ya chumba cha mita 3 kwa 3. Chimba na kusawazisha, panga mawe ya unene wa sentimita 10, shindilia, jaza changarawe katika nafasi zake. Juu yake mwaga zege la sentimita 7 na nusu, kwa kipimo cha saruji 1, mchanga 3 na kokoto 6. Malizia kwa tabaka la sentimita 2 la saruji 1 na mchanga 4. Kazi yote huchukua takriban mifuko 5 ya saruji ya kilo 50. Mawe, kokoto na mchanga, kwa wengi wetu, vyahitaji jasho na mkokoteni tu.

Kipimo kiwe cha kweli. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Sanduku la mbao ambalo ndani ni sentimita 40 kwa 35 kwa 25 hubeba kiasi hichohicho. Pimeni mchanga na kokoto kwa sanduku hilo, msipime kwa beleshi, maana beleshi la asubuhi si sawa na la saa nane mchana. Maji yasizidi, zege la uji ni zege dhaifu. Baada ya kumwaga, sakafu ifunikwe kwa magunia na kumwagiliwa maji siku saba. Saruji haigangamali kwa kukauka. Hugangamali kwa kunywa maji. Anayeiacha juani siku ya kwanza amepoteza sehemu ya fedha yake.

Chumba kimoja kwa kiangazi kimoja chatosha. Na kianze chumba wanacholala watoto, wala si sebule ya wageni.

MADIRISHA NA DARI

Mbu waenezao malaria huingia zaidi kupitia pengo lililo kati ya ukuta na paa. Nchini Gambia, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuweka dari ya wavu peke yake kulipunguza mbu ndani ya nyumba kwa karibu nusu, na kufunika madirisha na milango pamoja na kuziba mapengo ya paa kulipunguza zaidi ya hapo. Watoto wenye upungufu mkubwa wa damu walikuwa wachache katika nyumba hizo. Hata hivyo chandarua chenye dawa kisiachwe.

Ziba pengo la vyumba vya kulala kwa udongo au tofali, na badala yake weka dirisha lenye wavu. Hewa lazima ipite. Nyumba iliyozibwa pote bila dirisha ni hatari, hasa penye jiko. Meko yawe nje ya chumba cha kulala, penye njia ya moshi. Anayetoboa dirisha jipya aliweke mbali na pembe ya nyumba angalau sentimita 60, na boriti ya juu yake ilale ukutani sentimita 20 kila upande. Dari yaweza kuwa ya jamvi au magunia yaliyofuliwa na kupakwa chokaa. Itazuia mbu, vumbi na sehemu kubwa ya joto la bati.

Kazi ya umeme, ndugu wanachama, haimo katika orodha ya kazi za mikono yetu. Hiyo ni ya fundi mwenye leseni.

CHOO

Wazee waliomo humu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya masomo na kuwafikia watu wapatao milioni 2. Matokeo yake vijiji vingi vilichimba vyoo. Ilionyesha kwamba watu wakisoma pamoja na kufanya pamoja, kazi ngumu huwa nyepesi.

Choo cha magogo chaweza kuboreshwa bila kuchimbwa upya, ikiwa shimo lake na magogo yake bado ni imara. Mwaka 1979 nchini Msumbiji ilianza kazi iliyozaa sahani ndogo ya zege yenye sehemu za kukanyagia na tundu lenye mfuniko. Sahani ya sentimita 60 kwa 60 huwekwa juu ya choo kilichopo, na uso wake laini huoshwa kwa maji kidogo. Huko Zimbabwe, katika miaka hiyohiyo ya 1970, ilitengenezwa namna ya choo chenye bomba la hewa lililofunikwa kwa wavu juu: nzi huufuata mwanga wa bomba, hukutana na wavu, na hufia humo. Choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na upande wa chini wa mteremko.

JE, SI KUTUPA FEDHA?

Najua swali lililomo vichwani mwenu: nikitia fedha katika nyumba ya udongo, je, sitakuwa nimezitupa siku nitakapohama?

Tuhesabu. Mabati, mfereji wa bati, pipa, fremu za madirisha, nyavu, milango na sahani ya choo vyote huhamishika. Vikinunuliwa leo vitatumika leo, na kesho vitapanda nyumba mpya. Kisichohamishika ni sakafu, lipu na mtaro. Lipu na mtaro ni jasho. Sakafu ni mifuko 5 kwa chumba, na faida yake huanza kulipwa mara ileile, katika safari za zahanati ambazo hazikufanywa. Tena nyumba ya zamani iliyotengenezwa hubaki kuwa ghala, jiko, au makazi ya kijana anayeanza maisha. Fedha iliyotupwa kweli ni ile iliyo katika kuta zisizo na paa, zinazoliwa na mvua mwaka hata mwaka.

Na mwanachama aliyekwisha kuanza nyumba mpya? Azifunike kwanza kuta zake kwa juu, hata kwa safu ya saruji na nyasi, kisha apange: kiangazi cha kwanza paa na upenu wa nyumba anayolala, cha pili mtaro na mfereji wa bati, cha tatu lipu na chumba kimoja cha watoto, cha nne chumba cha pili na nyavu, cha tano dari na chokaa. Choo kimo katika kiangazi cha kwanza. Baada ya hapo arudi kwenye nyumba mpya akiwa na ujuzi mikononi na familia yenye afya.

WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

Sasa nageukia makatibu. Mwanachama mmoja mmoja hununua saruji kwa bei ya rejareja, mfuko mmoja mmoja, akiubeba juu ya baiskeli. Wanachama 40, kila mmoja akihitaji mifuko 5, wanahitaji mifuko 200, nayo ni tani 10, yaani lori moja. Hapo ndipo ushirika unapokuwa ushirika. Kama tunaweza kukusanya pamba yetu ili kuuza pamoja, tunaweza pia kukusanya mahitaji yetu ili kununua pamoja.

Napendekeza mambo matano.

Kwanza, kabla ya msimu wa mauzo, katibu aandikishe mahitaji ya kila mwanachama: mifuko, mabati, nyavu. Agizo litokane na orodha hiyo, lisitokane na makisio ya mezani.

Pili, jambo hili lipelekwe mbele ya mkutano mkuu, ambao ndio wenye kauli ya mwisho. Fedha ya ununuzi wa mazao isiguswe hata kwa siku moja kununulia vifaa vya ujenzi. Vyama vimekufa kwa kuchanganya mifuko ya fedha.

Tatu, mwanachama atakayelipa kwa kukatwa katika mauzo yake aandike ridhaa kwa saini yake, kiasi kikitajwa kwa tarakimu na kwa maneno, na apewe nakala. Makato yasiyo na maandishi ni mbegu ya ugomvi, hata kama yamekatwa kwa haki.

Nne, chama kiwe na vifaa vya kuazimana: pimamaji, timazi, misumeno, kalibu ya sahani ya choo, sanduku la kupimia, na vyama viwili au vitatu vikishirikiana, mashine moja ya matofali. Viwe na daftari la kutoka na kurudi, kama vile mizani ilivyo na daftari lake.

Tano, saruji isilale ghalani. Ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na itumike kabla ya miezi mitatu kupita, maana unyevu huidhoofisha hata mfuko ukiwa haujafunguliwa. Itakayofika kwanza itoke kwanza.

Aidha kila chama kichague nyumba moja ya mwanachama wa kawaida, wala si ya mwenyekiti, itengenezwe kwa kazi ya pamoja iwe mfano. Watu kumi wakisaidiana kwa zamu, kila Jumamosi nyumba moja, watajifunza kazi hizi upesi kuliko kwa kusikiliza hotuba kama hii yangu.

Ndugu Mwenyekiti, kiangazi ni kifupi. Naomba kila katibu akirudi chamani kwake afungue ukurasa mpya katika daftari, aandike majina ya wanachama, na mbele ya kila jina aandike kazi moja tu ambayo nyumba hiyo itafanyiwa kabla ya mvua za Novemba. Orodha hizo ziletwe katika kikao chetu kijacho, tuzisome pamoja, na mwakani tuulizane zipi zimekamilika.